TFC na memware: «ibidem» inaondoka, lakini jina la postnom linapotea njiani

Kila mwaka, wakati wa kupeleka kazi za mwisho wa masomo, kosa moja linarudi katika vyuo vikuu vyetu. Mwanafunzi anaazima TFC ya mtu aliyemaliza zamani na kufuata namna yake ya kutaja vitabu: namba ndogo ndani ya maandishi, na chini ya ukurasa jina la mwandishi, kitabu, mji, mwaka na ukurasa. Halafu «ibidem» na «op. cit.» mpaka mwisho. Anapofika kwa mwalimu anayemwongoza, anaambiwa kwamba sasa wanatumia APA. Kazi yote inarudi kwenye mashine, na karatasi zilizokwisha kuchapwa zimekula feza ya bure.

APA ni kanuni za chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1929 zilikuwa kurasa 7 tu ndani ya jarida. Leo ni kitabu kikubwa, na toleo lake la 7 lilitoka mwishoni mwa mwaka 2019. Mwandishi na mwaka vinaingia ndani ya sentensi, kwa mabano: (Mudimbe, 1988). Mambo mengine yote yako kwenye orodha ya mwisho.

Mabadiliko haya yamewakuta wanafunzi wengi wakiwa bado wanahangaika na mfumo wa LMD, ulioenezwa katika vyuo vya nchi kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Na hata aliyejifunza APA miaka kumi iliyopita hana amani. Toleo la 6 liliomba mji wa uchapishaji. La 7 limeufuta. Zamani, kitabu cha waandishi watatu kilitajwa kwa majina yote mara ya kwanza, sasa ni «et al.» tangu mwanzo.

Tuseme kweli: «ibidem» haitaliliwa sana. Ukihamisha fungu moja tu, inaanza kumtaja mwandishi ambaye hakusema neno hilo. Lakini noti za chini zilikuwa na faida yake, na wanahistoria na wanasheria wengi wanazishikilia bado, maana hati ya arshivu haiingii vizuri ndani ya mabano. Zilikuwa pia zinadai namba ya ukurasa kila mara. APA inailazimisha pale unaponukuu maneno yenyewe. Ukieleza wazo kwa maneno yako, unaweza kuiacha. Kwetu, ambako kitabu kimoja kinasomwa na promosheni nzima, afadhali kuiandika.

Shida kubwa zaidi iko kwenye majina. APA inataka jina la ukoo, kisha herufi za kwanza za majina mengine. Mukongomani ana jina, postnom na jina la ubatizo. Postnom ilipata nguvu mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Ndiyo maana Valentin-Yves Mudimbe aligeuka Vumbi Yoka, na V. Y. yake ikabaki vilevile. Si wote wenye bahati hiyo. Tuchukue Isidore Ndaywel è Nziem, mwanahistoria aliyeandika «Histoire générale du Congo». Programu inayodhani kwamba neno la mwisho ndilo jina la ukoo itamweka kwenye herufi N, lakini kama «Nziem», na nusu ya jina lake itabaki herufi tupu. Inapaswa kuandikwa: Ndaywel è Nziem, I.

Na akina Bahati, Amani na Furaha ni wangapi katika Kivu na Ituri? «Bahati, J.» wa Goma na «Bahati, J.» wa Bunia wanakuwa mtu mmoja mbele ya anayesoma kutoka mbali.

Programu ya Zotero, iliyo ya bure tangu mwaka 2006 na inayofanya kazi hata intaneti ikikatika, inabadilisha orodha nzima kutoka noti za chini hadi APA kwa dakika chache. Lakini jina lililoingia vibaya litatoka vibaya katika kila mtindo. Lazima kulisahihisha kwa mkono, kitabu kwa kitabu, mukiangalia ganda lenyewe. Kwa wale wanaoanza kuandika makala, kuna pia ORCID, namba ya tarakimu 16 inayotolewa bure tangu mwaka 2012. Namba hiyo inabaki ya mtu mmoja, hata kama jarida limemuandika kwa jina la ubatizo leo na kwa postnom kesho.