Ajira za Pipeline ni Sifa ya Nani?

Jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Methali hii hunijia kila mara mkuu wa nchi anaposimama jukwaani kututajia idadi ya nafasi za kazi ambazo serikali yake imeleta. Desturi hiyo si ya rais mmoja wala ya chama kimoja. Tangu tupate uhuru, marais wetu wote watano wameahidi ajira. Takwimu zikiwa nzuri, hukumbatiwa Ikulu kama mtoto wa nyumbani. Zikiwa mbaya, huachwa mlangoni pa ukame, pa soko la dunia au pa mtangulizi aliyekwisha kuondoka.

Hebu tuitazame mojawapo ya takwimu hizo. Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), Kenya ilipata nafasi mpya za kazi 782,300 katika mwaka wa 2024. Hiyo si idadi ya kubezwa. Lakini msomaji asiyekomea kwenye kichwa cha habari atagundua kwamba nafasi 703,700 kati ya hizo, yaani takriban tisa katika kila kumi, zilikuwa za jua kali. Zilizosalia, ambazo hazikutimia 79,000, ndizo zilizokuwa za sekta rasmi, zenye barua ya kuajiriwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Basi sharti tuulize: hao laki saba na zaidi waliajiriwa na nani?

Jibu tunaweza kulitafuta Pipeline, mtaa ulioko Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi. Maghorofa ya kupangisha yamesongamana huko kiasi kwamba vyumba vya chini huwasha taa mchana. Majumba hayo hayakujengwa na serikali. Yamejengwa na watu binafsi, ploti baada ya ploti, aghalabu bila kujali sana kanuni za ujenzi. Kila ploti ilipokuwa ikipanda, ilihitaji waashi, mafundi wa mabomba na vijana wa kubeba mawe na mchanga. Ilipokamilika, ilihitaji msimamizi, bawabu na mtu wa kuosha ngazi. Wapangaji walipoingia kwa mamia, nao wakahitaji mboga, chapati, kinyozi, fundi wa simu, dobi, wakala wa M-Pesa, mwenye mkokoteni wa kuuza maji mifereji inapokauka, na mwendeshaji bodaboda wa kuwafikisha kwenye barabara ya Outering.

Huo ndio ukuaji wa ajira unaohesabiwa. Mama anayekaanga samaki jioni kando ya njia hakupewa kazi na waziri yeyote. Mtaji aliupata kwa chama cha akiba, au kwa mkopo wa dada yake, na wateja aliwapata kwa sababu jirani zake hutoka kazini wamechoka wasiweze kupika. Kumwandika mama huyu katika daftari la mafanikio ya rais, awaye yote, ni sawa na mwenye shamba kudai kwamba ndiye aliyeleta mvua.

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili na kusema kwamba rais hana lolote. Historia yetu ina mafunzo ya pande zote mbili.

Mwaka 1964, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilifanya mapatano na waajiri pamoja na vyama vya wafanyakazi. Serikali ilikubali kuongeza wafanyakazi wake kwa asilimia 15, waajiri wa kibinafsi kwa asilimia 10, navyo vyama vikakubali kusitisha madai ya nyongeza ya mishahara. Tangazo lilipotolewa, zaidi ya watu 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi. Walioajiriwa walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliojitokeza, na waajiri wengi walifidia gharama kwa kutoajiri tena baadaye. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro, waliofanya utafiti nchini Kenya katika miaka hiyo, walieleza katika makala yao ya 1970 namna matumaini ya kazi mjini yanavyoweza kuvuta watu wengi kuliko kazi zenyewe. Pipeline ya leo, iliyojaa vijana waliotoka mashambani kufuata fununu ya kibarua, ni ushahidi kwamba ahadi pekee ina nguvu ya kuhamisha watu, hata kama haina nguvu ya kuwalisha.

Linganisha jambo hilo na amri ndogo ya mwaka 1973, wakati Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya usafiri wa umma. Hakukuwa na lengo la asilimia wala tarehe ya kutimiza idadi fulani. Kizuizi kiliondolewa tu, na kutokana nacho likaota tawi zima la ajira: madereva, makanga, makanika, waunda bodi, wauza vipuri. Tawi hilo lilikuja pia na ajali na fujo zake, hata ikalazimu Waziri John Michuki alitie adabu mwaka 2004. Vivyo hivyo, kuanzia 2008, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoondoa ushuru wa ziada ya thamani kwenye pikipiki ndogo, bodaboda zilienea nchini kama moto wa nyika. Nathubutu kusema kwamba amri hizo mbili zilileta kazi nyingi kuliko hotuba nyingi zilizojaa takwimu.

Jina lenyewe la mtaa tunaouzungumzia lina funzo lake. Limetokana na bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi. Shirika la kulisimamia liliundwa mwaka 1973, na mafuta yakaanza kupita bombani mwaka 1978, mwaka uleule Kenyatta alipofariki na Daniel arap Moi akashika usukani. Aliyepanda hakuwa ndiye aliyevuna. Kazi kubwa za maendeleo huchukua miaka mitano, kumi au zaidi kuzaa matunda, ilhali muhula wa rais ni miaka mitano. Kwa sababu hiyo rais aghalabu husifiwa kwa miti aliyoikuta ikichanua, na hulaumiwa kwa miche ambayo haijapata muda wa kukua.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa viwanda vya nguo, ambavyo vimewapa kazi wanawake wengi wa mitaa ya Eastlands. Sheria ya kuanzisha maeneo ya EPZ, kama lile la Athi River, ilipitishwa mwaka 1990, wakati wa Moi. Kwa miaka kumi ajira zake zilikuwa haba. Kisha, mwaka 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria ya AGOA, iliyofungulia bidhaa za Afrika soko la Marekani bila ushuru. Kufikia 2003, wafanyakazi wa EPZ nchini Kenya walikuwa wamezidi 30,000. Je, tumsifu Moi aliyeweka sheria, Clinton aliyefungua soko, au Kibaki aliyekuwa ofisini hesabu ilipopanda? Kabla hatujajibu, mambo yakageuka. Mnamo Januari 1, 2005, mgao wa kimataifa wa biashara ya nguo uliondolewa, bidhaa za China zikafurika sokoni, baadhi ya viwanda vyetu vikafunga milango na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Kibaki hakuyatenda hayo. Na muda wa AGOA ulipokwisha Septemba 2025 kabla ya nyongeza kupitishwa, cherehani za Athi River zilikuwa zikisubiri uamuzi wa Washington, si wa Nairobi.

Marekani kwenyewe, ambako wapiga kura huwapima marais kwa ajira kuliko pengine popote duniani, wanauchumi Alan Blinder na Mark Watson wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza kwa nini uchumi ulikua kwa kasi zaidi chini ya marais wa chama cha Democratic kuliko wa Republican. Waligundua kwamba tofauti hiyo ni kubwa kweli, lakini sehemu kubwa ya waliyoweza kuieleza ilitokana na bei ya mafuta, tija na hali ya dunia, wala si sera za matumizi ya serikali. Ikiwa rais wa taifa lile tajiri anayumbishwa hivyo na upepo, sembuse wetu?

Janga la Covid-19 lilitupa somo jingine la hesabu. Mwaka 2020 Kenya ilipoteza takriban nafasi 737,500 za kazi. Mwaka uliofuata KNBS ilitangaza nafasi mpya 926,100. Kwa karatasi, 2021 ulikuwa mwaka wa neema. Kwa kweli, wengi wa waliohesabiwa walikuwa wakirudi walikotoka: hoteli zilifunguliwa, shule zilifunguliwa, vibanda vikafunguliwa. Rais Uhuru Kenyatta hakustahili lawama ya virusi, na kwa mantiki iyo hiyo hakustahili sifa zote za kuondoka kwavyo.

Ni lipi basi tunaloweza kumdai rais bila kumwonea? Yako mambo yasiyotegemea mvua wala Washington. La kwanza ni amani. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, ukuaji wa uchumi uliokuwa umefikia takriban asilimia 7 ulianguka mwaka 2008 hadi chini ya asilimia 2. Aliyechomewa kibanda chake hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza uhusiano wa siasa na kazi. La pili ni ushuru na makato, ambayo ama humwachia mfanyabiashara mtaji ama humnyang'anya. Serikali ya Rais William Ruto, kwa mfano, hutaja maelfu ya vijana wanaofanya kazi katika ujenzi wa nyumba za bei nafuu, zikiwamo zile za Mukuru, si mbali na Pipeline. Kazi hizo zipo na zinaonekana. Lakini nyumba hizo hugharimiwa na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Hesabu ya haki ingetuonyesha kazi zilizopatikana kwenye mjengo, kisha itoe zile zilizokosekana kwa sababu pesa hizo hazikufika kwa mama mboga wala kwa fundi cherehani.

La tatu ni ajira ya serikali yenyewe, na hapa walimu wana habari kuliko mimi. Mwaka 1998 serikali ya Moi ilisimamisha uajiri wa walimu, na kwa miaka mingi iliyofuata walioajiriwa walikuwa hasa wa kujaza mapengo ya waliostaafu au kufariki. Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi, zaidi ya watoto milioni moja wakamiminika madarasani, lakini walimu hawakuongezwa kwa kiwango hicho. Miaka ishirini baadaye, maelfu ya walimu waliohitimu walipelekwa katika shule za sekondari msingi kama wanagenzi, kwa malipo ya takriban Sh17,000 kwa mwezi, nao mwaka 2024 wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Katika maamuzi haya hapakuwa na soko la dunia la kusingiziwa. Palikuwa na bajeti, na bajeti ina mwenyewe.

Hilo ndilo linalonifanya nione kwamba mjadala huu si wa majigambo tu. Tunapomsifu rais kwa kazi ambazo wakazi wa Pipeline wamejitafutia wenyewe, tunamsamehe deni la zile ambazo ni wajibu wake. Kibaki aliahidi nafasi 500,000 kwa mwaka katika uchaguzi wa 2002. Chama cha Jubilee kiliahidi milioni 1.3 kwa mwaka mnamo 2017. Mradi hesabu ya jua kali inakubaliwa kuwa ushahidi, kila ahadi ya aina hiyo inaweza kudaiwa kutimizwa kwa jasho la mwingine. Na kijana mwenye shahada anayeuza mitumba kwenye barabara ya Outering huandikwa "ameajiriwa", suala lake likafungwa.

Walimu wa hisabati, historia na masomo ya biashara wana nafasi nzuri ya kulitibu jambo hili. Rais atangazapo idadi, wanafunzi wafundishwe kuuliza maswali manne. Kazi hizo ni za aina gani, na zinalipa nini? Ni ngapi zilizopotea katika kipindi hicho hicho? Ni uamuzi upi wa serikali uliozileta, na uliofanywa mwaka gani? Na kama uamuzi huo usingefanywa, zisingekuwapo? Mwanafunzi anayeweza kuuliza hayo hatakuwa mpiga makofi wa yeyote, wala hatakuwa mlalamishi anayemlaumu rais hata kwa ukame.

Jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Hilo ni kweli. Lakini rais si jogoo tu. Ana ufunguo wa ghala, na ana uwezo wa kufungua milango au kuikomea. Kuche kusikuche si juu yake. Tumpime kwa milango.