Gego la miaka sita, tulizibe mapema

Mtoto akikaribia miaka 6, gego kubwa linaota nyuma ya meno ya maziwa. Halingoji jino lolote ling'oke, kwa hiyo wengi wetu tunalidhania ni la maziwa na kuliacha lioze. Kumbe likitoka, halioti lingine. Sisi walimu tunawaona darasani: mkono shavuni, daftari tupu.

Juu ya gego kuna mifereji myembamba ambamo brosi haifiki. Daktari wa meno anaweza kuijaza dawa ya kuziba, bila sindano wala kutoboa. Risini, inayokaushwa kwa taa, hudumu zaidi lakini inataka jino kavu kabisa, na mtoto mwenye mate mengi mnamjua! Simenti ya ionomeri huvumilia unyevu na kutoa fluori, ila hubanduka upesi. CDC ya Marekani inaandika kwamba kuziba magego huzuia matundu 80 kwa 100 katika miaka 2.

Kabla ya kulipa, ulizeni ni dawa gani, kisha mrudisheni mtoto iangaliwe kama ingalipo. Brosi isiachwe, maana dawa hii hailindi katikati ya jino na jino. Karibu na miaka 12 linaota gego la pili, nalo lipelekwe.