Mashujaa wa vibonzo hawakubuniwa kwa ajili ya watoto pekee

MZAZI anayemnunulia mwanawe fulana yenye nembo ya Superman huamini kuwa shujaa huyo alizaliwa kuwatumbuiza watoto. Historia yatoa jibu tofauti kidogo.

Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa mji wa Cleveland, Marekani, ndio waliombuni. Kwa miaka kadha walijaribu kumuuza kwa mashirika yaliyosambaza vibonzo magazetini, wakakataliwa. Hilo si jambo dogo, kwani ukurasa wa vibonzo gazetini ulisomwa na wazazi sawa na watoto wao. Hatimaye waliuza hadithi hiyo, pamoja na haki zake zote, kwa dola 130. Ilichapishwa mwaka wa 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, lililouzwa kwa senti 10. Bei hiyo, pengine kuliko yaliyomo, ndiyo iliyowavuta watoto.

Maana yaliyomo hayakuwa ya kitoto hata kidogo. Marekani ilikuwa ingali inauguza majeraha ya mdororo wa uchumi. Katika toleo hilo Superman anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kosa asilolitenda, kisha anamtia adabu mwanamume anayempiga mkewe. Katika toleo la tatu, tajiri mwenye mgodi ananaswa ndani ya mgodi wake mwenyewe, aonje hatari inayowakabili wachimbaji kila siku.

Batman, aliyebuniwa na Bob Kane na Bill Finger mwaka wa 1939, naye hakusita kuua wahalifu. Mambo yaligeuka mwaka uliofuata: kijana Robin aliletwa kando yake ili wasomaji wachanga wajione humo, na wahariri wakapiga marufuku mauaji. Hata hivyo, wanajeshi wa Marekani walivisoma vitabu hivi kwa wingi wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Kilichovifungia chumba cha watoto ni hofu ya wakubwa. Mnamo 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu akidai vibonzo viliwapotosha vijana, na kamati ya Seneti ikaandaa vikao kuhusu suala hilo. Wachapishaji, wakihofia sheria, walijitungia kanuni kali za kujidhibiti.

Watchmen na The Dark Knight Returns vilipotokea mwaka wa 1986, wengi walisema vibonzo vimekomaa. Kanuni zenyewe zilidumu, zikizidi kupuuzwa, hadi wachapishaji wa mwisho waliozifuata walipoziacha mwaka wa 2011.