Umepata Nafuu? Usitupe Tembe za Presha

“Presha imeshuka, dawa za nini tena?” Maneno haya husikika katika nyumba nyingi za mjini, hasa mwisho wa mwezi mfuko unapokuwa mtupu. Balaa ni kwamba presha haina kelele. Mtu aweza kuwa na 170 kwa 100 na bado akapanda matatu akicheka na wenzake. Ile 120 kwa 80 uliyoonyeshwa kliniki si ushahidi kwamba umepona. Mara nyingi ni kazi ya tembe zenyewe.

Tena zipo dawa zisizotaka kabisa kuachwa ghafla. Atenololi na propranololi huuzuia moyo usiende mbio. Ukizikatiza kwa siku moja, moyo huo huweza kutimua mbio, kifua kikabana, na mwenye maradhi ya moyo akapatwa na mshtuko. Klonidini ni mbaya zaidi: presha huweza kuruka ndani ya siku moja au mbili, ikapita hata kiwango ilichokuwa kabla ya matibabu. Amlodipini nayo hulaghai. Hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hivyo aliyeacha Jumatatu akapimwa Jumatano hukuta mambo shwari, akajisifu. Mngoje wiki chache.

Je, hakuna anayeacha salama? Wapo. Mtu ambaye presha yake haikuwa kali, anayemeza dawa ya aina moja tu, na ambaye amepunguza uzani, chumvi na pombe, anaweza kumwomba daktari wajaribu. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, pengine kwa wiki kadhaa, huku presha ikipimwa mara kwa mara. Hata ikitulia, vipimo huendelea kwa miaka, maana wengi hulazimika kurudia dawa. Aliyewahi kupigwa na kiharusi, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, asithubutu kujiamulia.

Wengine huacha kwa sababu ya madhara, na hao siwalaumu sana. Kikohozi kikavu cha enalaprili chaweza kumnyima usingizi mtu na mkewe! Lakini dawa hubadilishwa. Anayekohoa aweza kupewa losatani. Ikiwa shida ni pesa, mwambie daktari waziwazi akutafutie ya bei nafuu. Na zikikuishia Ijumaa jioni, nunua hata za siku tatu kwenye duka la dawa, kisha Jumatatu urudi kliniki.