Moteri ya Kwanza: Sababu Gani Motokari ya Zamani Inaulizwa Numero Yake



Mara nyingi tukitoka masomo tunaona motokari ya zamani imesimama kando ya barabara, na kila mmoja anatoa maneno yake. Huyu anasifu rangi, yule anasifu taa, mwingine anauliza: «Inakimbia kilometa ngapi?» Lakini mtu anayejua bei ya motokari za zamani haanzi na rangi. Anafungua kifuniko cha moteri, anapangusa mafuta kwa kitambaa, anasoma numero. Sababu gani? Mimi vilevile sikujua, mpaka siku ile nilipoona kwa macho yangu katika lupango ya baba mukubwa wangu, hapa Kolwezi. Nitaeleza jambo hili polepole, kwa maana si la matajiri peke yao. Linaweza kugusa kila nyumba iliyo na chuma cha zamani nyuma ya jiko.

MGENI ALISOMA HERUFI MOJA

Baba mukubwa alikuwa na Volkswagen ya mwaka 1967, ile tunaita Coccinelle. Mwaka uliopita alitaka kuiuzisha ili binti yake amalize masomo ya universite. Mgeni mmoja akatoka Lubumbashi kuiangalia. Aliizunguka mara moja tu, akapiga magoti mbele ya gurudumu la mbele, kiisha akaenda nyuma akafungua kifuniko, kwa kuwa moteri ya Coccinelle inakaa nyuma. Akasema kwa heshima:

— Muzee, motokari iko muzuri. Lakini hii moteri hapana ya kwake.

Baba mukubwa akakasirika.

— Mwanangu, unaniita mubongo mu lupango yangu? Hii motokari niko nayo toka zamani, batu bote banaijua.

— Hapana, muzee, sisemi vile. Angalia: pa kifuniko banaandika 1500. Freni ya mbele iko ya diski. Lakini pa moteri numero inaanza na D. D ni 1200.

Akataja bei yake. Ilikuwa ndogo, haikufika hata nusu ya feza ya masomo. Akaacha numero ya telefone, akaenda.

KIWANDA KIMOJA, MOTERI NYINGI

Sasa tueleze. Wengi wanafikiri kwamba motokari za jina moja ziko na moteri moja. Si vile. Kiwanda kilikuwa kinatoa mwili mmoja, lakini mnunuzi alichagua moteri kufuatana na feza yake na kazi yake. Katika mwaka 1967 Coccinelle iliuzishwa na moteri za namna tatu. Ya kwanza ni 1200, yenye ujazo wa 1192 cm3 na nguvu za farasi 34. Ya pili ni 1300, yenye 1285 cm3 na farasi 40. Ya tatu ni 1500, yenye 1493 cm3 na farasi 44. Tangu Agosti 1965 Volkswagen ilikuwa inagonga herufi mbele ya numero ya moteri: D kwa ile 1200, F kwa 1300, na 1500 ilipofika mwaka 1966 ilipewa H. Numero hiyo inagongwa juu ya karteri, pale chini ya dinamo.

Ukiziangalia kwa mbali, hizi moteri tatu zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Tena moteri ya Coccinelle inashikwa kwenye sanduku la vitesi na skuru nne tu. Kwa hiyo fundi anaweza kutoa moja na kuweka ingine bila shida kubwa. Ndiyo sababu Coccinelle nyingi za leo hazina tena moteri iliyotoka nayo kiwandani.

Lakini moteri haikuja peke yake. Kiwanda kikiongeza nguvu, kinaongeza na vya kuzuia nguvu. Ile 1500 iliyouzishwa Ulaya ilipewa freni za diski mbele, na magurudumu yake ya nyuma yalitengana zaidi kidogo, ili isiyumbe katika kona. Ile 1200 ilibaki na freni za ngoma. Ndiyo maana mgeni alipiga magoti mbele ya gurudumu. Freni ilimwambia jambo moja, moteri ikamwambia lingine. Motokari ilikuwa inajipinga yenyewe, sawa mashahidi wawili wasiopatana.

BEI INATOKA WAPI?

Mtu atauliza: kama moteri ya 1200 inakwenda vizuri, sababu gani bei inaanguka? Jibu ni hili: motokari ya kazi inalipwa kwa kazi yake, lakini motokari ya zamani inalipwa kwa mambo mawili, uchache wake na ukweli wake.

Tuchukue mfano wa mbali. Huko Marekani, mwaka 1967, Chevrolet ilitengeneza Corvette 22,940. Kati ya hizo, 20 peke yake zilipewa moteri inayoitwa L88, iliyofanywa kwa mashindano. Kuichagua kulimgharimu mnunuzi dola karibu 948 juu ya bei ya motokari, na motokari yenyewe ilikuwa dola karibu 4,400. Tena aliyeichagua hakupata redio wala chombo cha kupasha joto ndani. Wengi waliiacha. Lakini katika Januari 2014, moja ya zile 20 iliuzishwa katika mnada huko Arizona kwa dola milioni 3 na 850,000. Corvette ya mwaka ule ule yenye moteri ya kawaida haifiki hata karibu na bei hiyo, ingawa kwa macho ni ndugu mapacha. Watu hawakununua chuma tu. Walinunua uhakika kwamba chuma hiki ndicho kile kilichowekwa pale tangu mwanzo.

Tuje karibu na kwetu. Mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki yalijulikana dunia yote kwa sababu ya matope na mavumbi yake. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Kiisha Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati, mshindi alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Hiyo 404 iliuzishwa na moteri ya karburateri, na moteri ya enjeksio inayopiga esansi kwa pompi, na moteri ya mazuti. Yenye enjeksio ilikuwa na nguvu zaidi, lakini pompi yake inataka fundi anayeijua na piesi zake ni shida. Hivi si ajabu kukuta 404 ya enjeksio ambayo fundi alitupa pompi na kuweka karburateri. Motokari ilitembea tena, mwenyewe akafurahi. Lakini ile iliyobaki na pompi yake ndiyo watu wanaitafuta leo, hasa kwa sababu ni chache.

Tena ninyi watoto wa shaba mnajua jambo hili mbele ya kusoma. Mnajua ile misalaba ya shaba ambayo wafuaji wa zamani wa Katanga waliimimina, na wazee walitumia kama feza, hata kuiweka katika makaburi. Leo mfuaji anaweza kuyeyusha nyaya za umeme na kumimina msalaba wenye uzito ule ule. Shaba ni shaba. Ukiweka yote miwili juu ya mizani, mizani haitofautishi. Lakini mmoja ni wa mababu, na mwingine ni wa juma lililopita. Na yule anayeuzisha wa juma lililopita kwa bei ya mababu, tunamwita nani?

MAJARIBU YA USIKU ULE

Usiku ule fundi mmoja kijana, jirani yetu, alikuja kumfariji baba mukubwa. Akasema:

— Papa, iko mambo kidogo. Tutafuta ile D na lime, tutagonga H. Nani atajua?

Baba mukubwa hakujibu. Nilimwona anafikiri, na sikumlaumu, kwa maana sote tulijua tarehe ya kulipa universite. Lakini tufahamu: kugonga numero ya uongo ni wizi wa kalamu ya chuma. Tena unaonekana. Uso wa karteri mahali pa numero uko na alama za kiwanda. Lime ikipita, alama zinakufa na chuma kinang'aa sana ao kinabonyea. Herufi za kiwanda ziko na umbo lake, si zile za sanduku la fundi. Kiisha yako na makaratasi. Katika mji wa Wolfsburg, Ujeremani, jumba la magari ya zamani la Volkswagen linatoa cheti kinachoeleza jinsi motokari fulani ilivyotoka kiwandani, kufuatana na numero ya shasi. Numero ya shasi ya Coccinelle inaonekana chini ya kiti cha nyuma. Mnunuzi akigundua uongo mmoja, hataamini tena hata rangi ya kiti. Motokari yenye moteri ya kubadilishwa inapoteza sehemu ya bei; yenye numero ya uongo inapoteza yote, na mwenyewe anapoteza jina.

Wakati tulikuwa tunanyamaza, mama mukubwa akatoka jikoni akauliza:

— Na ile moteri ingine, ile kuku banalalia?

Tukaangaliana. Nyuma ya jiko, chini ya bati, kulikuwa na moteri nzima yenye mavi ya kuku. Baba mukubwa akakumbuka. Katika miaka ya 1990, wakati kazi ya Gécamines ilianguka na mishahara haikufika, moteri ilivunja pistoni, na piesi hazikupatikana. Ndugu mmoja wa Likasi akampa moteri ya 1200. Ile mbovu ikawekwa kando, watu wakaisahau.

Tukachukua taa, maji na brosi. Chini ya uchafu tukasoma: H.

Hapa ni lazima niseme ukweli wangu. Juma mbili mbele ya siku ile, mimi na wadogo zangu tulikuwa tumepatana na mnunuzi wa mitraye, ni kusema vyuma vya kutupa, kumpa ile moteri kwa feza ya soda na mikate. Alikosa kuja tu kwa sababu ya mvua. Wangeiyeyusha ili kumimina sufuria. Na hata hivyo ingekuwa hatari, kwa maana karteri ya Volkswagen si aluminiamu. Ni ya magnesiumu iliyochanganywa, na magnesiumu ikishika moto inawaka kwa mwanga mweupe mkali, na maji hayaizimi bali yanaichochea. Kidogo tu tungeuza karo ya dada yetu kwa mikate.

MWISHO WA MAMBO, NA SHAURI

Baba mukubwa alimwita yule mgeni tena. Akamwonyesha moteri mbili, akaandika karatasi: hii ndiyo iliyo ndani na inakwenda, hii ni ya zamani na pistoni yake imevunjika, nilibadilisha kwa sababu hii. Hakupata bei ya motokari isiyoguswa, kwa maana kutengeneza moteri mbovu kunataka feza. Lakini alipata kuliko mara ya kwanza, na mwaka wa universite ukalipwa. Mgeni alisema neno moja nililolishika: «Muzee, ninalipa moteri, lakini ninalipa na hii karatasi.»

Mtu asifikiri kwamba kubadilisha moteri ni zambi. Motokari inayobeba wagonjwa, ao makala, ao mahindi ya soko, inapashwa kutembea. Ikipewa moteri ya Toyota na ikaokoa mtu, ni vema kabisa. Kosa ni mbili: kutupa ya kwanza bila kufikiri, na kusema ya pili ni ya kwanza.

Basi, wenzangu, tukirudi nyumbani katika likizo, tufanye mambo matatu. Kwanza, tuulize wazee kama iko moteri, karburateri ao pompi ya zamani inayolala pahali fulani, tuifunike isipate mvua. Pili, tuandike katika daftari numero ya shasi na numero ya moteri, na tarehe ya kila kitu kilichobadilishwa. Tatu, fundi akituambia atagonga numero mpya, tumwambie hapana, hata kama feza inahitajiwa kesho.

Na mnunuzi wa mitraye akipita, msimpe kitu mbele ya kukiosha na kukisoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, ufundi