Wazee Walituachia Gunda, Sisi Tutaacha Mashimo?

Mkazi wa Nairobi akitaka kupunga hewa siku ya Jumapili hana haja ya kwenda mbali. Iko bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji, iko City Park, uko msitu wa Arboretum. Huko hutandika leso chini ya mti, akatafuna njugu zake, akasahau kwa saa moja makelele ya matatu na deni la kodi ya nyumba.

Bustani hizo hazikusalia kwa bahati. Zilipiganiwa. Mwaka wa 1989, ilipokusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Profesa Wangari Maathai alisimama kidete akapinga. Alitukanwa hata Bungeni, lakini jumba halikujengwa. Mwaka wa 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee, bustani ambayo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka wa 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga maegesho ya magari mahali hapo, na miti ingali imesimama.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu majuzi nilitembea katika bustani zisizo na jina, zisizo na lango la chuma wala mtunzaji wa kulipwa, nami nikajiuliza ni nani atakayezipigania. Bustani hizo ziko Masara, katika Kaunti ya Migori.

Ukitoka mji wa Migori ukashika njia ya kuelekea magharibi, upande wa ziwa, utafika Masara. Mpita njia ataona kituo cha biashara kama vingine vingi: maduka ya mabati, pikipiki zinazongoja abiria, akina mama wenye mafungu ya nyanya na omena. Atasema hapana cha kutazama, aendelee na safari yake. Waama, mimi pia nilikuwa mpita njia wa namna hiyo kwa miaka mingi.

Safari hii niliacha barabara nikafuata vijia. Jambo la kwanza linalomlaki mgeni ni ua. Mji wa jadi wa Mluo huzungushiwa ua wa miti iliyo hai, na hapa minyaa ndiyo inayotumika sana, ile yenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe. Ng'ombe hali minyaa, moto wa nyikani hauumalizi kwa urahisi, na tawi lililokatwa likichomekwa ardhini huota. Ua wa namna hiyo hauhitaji fundi wala pesa. Unahitaji subira tu.

Ukipita langoni, unaona mpango ambao haukubuniwa jana. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazamana na lango. Nyumba za wake wengine ziko ubavuni, na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, ziko karibu na lango. Zizi la ng'ombe liko uwanjani mbele ya nyumba, na makaburi ya wazazi yako papo hapo uani, si mbali na wanaoishi. Nyuma ya nyumba ya kila mama kuna kishamba kidogo kiitwacho orundu. Hicho ndicho bustani yake, na hapo hapana mwenye amri ila yeye.

Mama mmoja mzee alinikaribisha katika orundu yake. Palikuwa na dek, ambayo Kiswahili huiita mgagani, palikuwa na osuga, yaani mnavu, apoth ambayo ni mrenda, mito, na majani ya kunde wanayoyaita boo. Alinieleza jinsi dek inavyochemshwa na kutiwa maziwa, ikapashwa moto siku baada ya siku mpaka uchungu wake ukalainika. Nikaona kwamba udongo wa pale ulikuwa mweusi kuliko wa mashamba ya jirani, nikamwuliza sababu.

"Mama, udongo huu uliutia mbolea gani?"

"Mwanangu, sikuutia kitu. Hapa palikuwa gunda," akanijibu.

Msomaji asiyejua Kijaluo aniwie radhi nilifafanue neno hilo, maana ndilo lililonifanya niandike makala haya. Gunda ni mahali palipokuwa na mji wa watu zamani, wakahama. Nyumba zilibomoka, ua ukageuka kichaka, lakini samadi ya zizi, majivu ya jikoni na mabaki ya chakula vya miaka mingi vilibakia ardhini. Kwa hiyo aliyekuja kulima baadaye alikuta rutuba. Wale waliotangulia walikula katika ardhi hiyo, wakaiacha ikiwa bora kuliko walivyoikuta.

Atakaye kuliona gunda kubwa kuliko yote na aendelee na safari hadi Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Jina lenyewe lazungumzia ngome ya mawe katika msitu mnene wa kutisha. Maboma yale yanakisiwa kujengwa karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kushikanisha. Ndani kuna alama za nyumba na mazizi, na nje ya boma kubwa liitwalo Kochieng kuna mahali walipofulia chuma. Malango ni mafupi na membamba, hata anayeingia hana budi kuinama. Jamii mbalimbali zilikaa humo kwa kupokezana, kila moja ikikarabati kuta za waliotangulia, hadi karne ya 20. Mwaka wa 2018, mkutano wa UNESCO uliofanyika Manama, Bahrain, uliliingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa tazama ajabu. Dunia imeliheshimu lango lile, zizi lile na ua ule wa mawe, lakini mpango uo huo ukiwa hai Masara, ukiwa na watu, ng'ombe na mboga, hatuuhesabu kuwa kitu. Tunangoja ufe ndipo tuuwekee kibao.

Na kufa unakufa. Nyuma ya ua wa yule mama, hatua chache tu, niliona shamba lililochimbwa mashimo kama lililopigwa mabomu. Ardhi ya huku ina dhahabu. Mgodi wa Macalder, ulio upande huo huo, ulitoa dhahabu na shaba tangu enzi ya ukoloni hadi ulipofungwa mwaka wa 1966. Kampuni zilipoondoka, wananchi walibaki na sururu zao. Leo vijana huteremka kwa kamba katika mashimo yasiyo na nguzo za kutosha, na akina mama huosha mchanga uliosagwa. Ili kuinasa dhahabu hutumia zebaki, kisha huichoma ili ipotee hewani. Lakini haipotei. Huingia mapafuni mwa anayechoma, hutua juu ya majani ya mboga, huteremka na maji ya mvua hadi mtoni, na mto Migori hujiunga na Kuja kuelekea Ziwa Viktoria.

Nilimwuliza yule mama kuhusu mashimo yale. Hakulaumu mtu.

"Shimo lile lilimlipia mtoto wa jirani karo ya mwaka mmoja," akasema. "Mwaka wa pili hapakuwa na dhahabu wala shamba."

Sitaki nieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wale wanaokaa mjini, wamekula wakashiba, kisha wakamkataza maskini asichimbe. Dhahabu imejenga nyumba na kusomesha watoto Masara, na mwenye njaa halishwi urembo wa ua. Isitoshe, Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali. Ninachouliza ni hiki: je, tukimaliza kuchimba, atakayetufuata atakuta gunda au atakuta mashimo?

Yapo mambo yanayowezekana. Kwanza, shimo lililokwisha kazi lifukiwe, na yeyote anayenunua dhahabu ile achangie gharama, maana faida kubwa haibaki kwa mwenye sururu. Pili, uchimbaji usiruhusiwe kukaribia nyumba, bustani za jikoni na visima, na wachimbaji wafunzwe njia za kukamata dhahabu bila kuichoma zebaki uani mbele ya watoto. Tatu, wageni wanaokwenda Thimlich Ohinga wasipitishwe mbio kama mizigo. Wasimamishwe Masara na vijiji vya njiani, watembezwe ndani ya miji ya watu kwa idhini ya wenyewe, waonje dek iliyotiwa maziwa, nao walipe. Mama akipata riziki kutokana na orundu yake, hatashawishika upesi kuiuza kwa mchimbaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nalo jambo la nne ni letu sisi tunaorudi nyumbani wakati wa Krismasi na mazishi. Tukijenga, jambo la kwanza ni kuing'oa minyaa na kuweka seng'enge, kisha tukaimwagia saruji orundu ya mama ili pawe na nafasi ya kuegesha gari. Ndiyo maegesho yale yale yaliyokataliwa Jeevanjee, ila huku hakuna wa kuyapinga, maana anayeyajenga ni mtoto wa mji. Wahenga walitukanya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Nilipoaga, yule mama alinifungia mbegu za dek katika kipande cha gazeti. Nimezipanda katika kopo nje ya mlango wangu hapa mjini, na zimeota. Lakini udongo wa kopo niliununua.