Tope la vilimani, hasara ya sokoni Rumonge

Mfanyabiashara anayetoka Kigoma, akavuka Manyovu na Mugina, kisha akashika barabara ya RN3 kupitia Nyanza-Lac hadi Rumonge na Bujumbura, huuliza mambo mawili kabla ya kupakia: bei ya mawese na hali ya mvua. La pili ndilo linaloweza kumla mtaji.

Ukanda huu ni mwembamba. Upande mmoja ziwa, upande mwingine vilima vinavyopanda ghafla, vimelimwa mihogo hadi kileleni. Mwishoni mwa Machi 2015 udongo uliporomoka Gitaza, tarafa ya Muhuta, ukabomoa nyumba na kukata barabara. Miaka mitatu baadaye Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kuijenga upya Rumonge–Gitaza, kilomita 45, pamoja na Kabingo–Kasulu–Manyovu upande wa Tanzania. Lakini lami haizuii kilima kushuka.

Kinachozuia ni kazi ndogo ndogo: mifereji inayofuata kontua, majani ya mifugo yaliyopandwa kingoni mwake, miti juu ya mteremko. Kazi hiyo haifanywi na wizara. Hufanywa Jumamosi asubuhi, katika kazi za jamii, chini ya tarafa na chifu wa kilima. Mpango wa kitaifa wa kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, ulioanza 2018, nao hutegemea mikono hiyo hiyo. Mche ukishapandwa, anayejua kama mbuzi ameula ni jirani, si afisa wa Gitega.

Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Rumonge, uliokuwa mkoa tangu 2015, sasa uko ndani ya Burunga. Kwa maoni yangu hili lina pande mbili. Tarafa kubwa inaweza kupanga mteremko mzima, kutoka kileleni hadi ufukweni, maana mito ya Dama na Murembwe haijui mipaka. Ila ofisi imekwenda mbali na mkulima, na mfereji usiozibuliwa msimu mmoja huwa korongo.

Sheria ya maji ya 2012 inalinda mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Ukitembea ufukweni utaona nyumba na mashamba ndani ya kipimo hicho, na ziwa lilipofurika 2024 wengi walilipia. Tope nalo hufunika miamba ambako samaki wa pwani hula na kuzaliana.

Ng'ambo, Kigoma, vijiji kadhaa vimekuwa na mipango ya matumizi ya ardhi chini ya mradi wa TACARE, ulioanzishwa 1994 na Taasisi ya Jane Goodall. Huko kijiji chenyewe hutenga msitu wake.

Ninyi mnaolipa ushuru wa soko Rumonge mnayo haki ya kuuliza ni faranga ngapi zinazopanda kilimani. Tarafa ndiyo inayoukusanya ushuru huo, na ndiyo yenye majembe. Swali liulizwe Agosti, kabla mvua hazijaanza.